Gunia la makala lidumu: maharagi na maji ya kunywa kwa moto mdogo

Katika makanisa yetu ya Goma, Bukavu, Butembo na Uvira, ukimuuliza mama kitu gani kinamaliza pesa ya nyumba upesi, mara nyingi anataja makala kabla ya unga. Wachache wananunua gunia zima. Wengi wetu tunanunua kwa kipimo, kila siku kipimo chake, na mwisho wa mwezi tumelipa zaidi kuliko mwenye gunia. Tangu ndugu waliokimbia vita waingie katika nyumba nyingi, sufuria imekuwa kubwa na mfuko umebaki ule ule.

Tumekusanya hapa mambo tunayoyatumia nyumbani kwetu na tunayofundishana katika vikundi vya wamama. Hakuna chombo cha bei kali ndani yake. Vingi vinatengenezwa kwa kitunga cha zamani, udongo na nguo zilizochakaa. Tutakaa sana kwenye maharagi na maji, kwa sababu ndiyo yanayokula makala kuliko vingine vyote.

Makala yanatoka wapi

Katika tanuru la udongo la kienyeji, kilo 1 ya makala inahitaji kilo 5 mpaka 10 za kuni. Kwa hiyo kila kopo tunaloliacha liungue bure lilikuwa tawi zima. Sehemu kubwa ya makala ya Goma imekuwa ikitoka misitu ya Virunga na ya Masisi. Virunga ni hifadhi tangu 1925. UNESCO iliiandika katika urithi wa dunia mwaka 1979, na mwaka 1994 ikaiweka katika orodha ya urithi ulio hatarini. Sisi tunaoishi hapa tunajua pia kwamba makundi yenye silaha yamepata pesa nyingi katika njia za makala. Hatusemi hivyo ili mama anayepikia watoto wake ahukumiwe. Anapika kwa kile kinachopatikana. Tunachoweza kufanya kesho asubuhi ni kupika chakula kile kile kwa makala machache.

Aliye na umeme wa uhakika, kama nyumba zile za Rutshuru na Goma zinazopata umeme wa mtambo wa Matebe, apige hesabu yake kabla ya kununua gunia jingine. Sufuria ya umeme inayofungwa kwa mvuke inaivisha maharagi kwa muda mfupi. Lakini tunaandika kwa ajili ya walio wengi, ambao umeme wao ni taa na simu tu, kama upo.

Kwa nini maharagi yanakawia kwetu

Dada zetu waliotoka Uvira kuja Goma wanashangaa: maharagi yale yale yanakawia zaidi huku. Si maharagi mabaya. Kadiri tunavyopanda milima, maji yanachemka kwa joto la chini. Pale Uvira, kando ya ziwa Tanganyika, yanachemka kwenye nyuzi 97 hivi. Goma na Bukavu, karibu meta 1,500 juu ya bahari, ni kama 95. Lubero ni chini zaidi. Nyuzi hizo chache zinaongeza muda mrefu motoni.

Na hapa kuna jambo ambalo wengi hatukufundishwa. Maji yakishachemka, joto lake halipandi tena hata ukiongeza makala. Sufuria inayoruka na kumwaga povu haiivishi haraka kuliko ile inayochemka polepole, inakausha maji tu. Basi, chakula kikianza kuchemka, punguza moto mpaka uone mapovu madogo yakipanda, na uache kifuniko juu. Kifuniko kisichokaa vizuri kitie jiwe safi. Ni dawa ya bure kabisa, lakini bado tunaona sufuria nyingi wazi, hasa kwenye kilio, ambapo sufuria za kanisa ni kubwa na vifuniko vilishapotea.

Kabla ya moto kuna maji ya baridi. Loweka maharagi usiku kucha, au saa 5 kwa uchache, kisha mwaga maji yale na utie mengine. Maharagi ya msimu uliopita yanataka kulowekwa zaidi, na mengine yamezeeka hata hayalainiki tena, ndiyo maana tunamwuliza mwuzaji yalivunwa lini. Nyanya na ndimu ziingie mwishoni, kwa kuwa uchachu unazuia maharagi kulainika. Magadi kidogo yanalainisha upesi, lakini yanaharibu sehemu ya vitamini. Sisi tunayaacha kwa maharagi yaliyozeeka tu.

Kitunga cha joto

Hiki ndicho chombo tunachokipenda kuliko vyote. Chakula kinachemshwa motoni kwa muda mfupi, kisha sufuria inafungiwa katika kitunga kilichojazwa vitu vinavyozuia joto lisitoke, na kinaendelea kuiva chenyewe bila moto. Watu wa Ulaya walitumia masanduku ya majani makavu kwa kazi hiyo hiyo wakati wa vita vyao. Kwetu majani ya ndizi hayakosekani.

Tafuta kitunga kikubwa, au katoni ngumu, kinachozidi sufuria yako kwa upana wa kiganja pande zote. Chini weka majani makavu ya ndizi, au nguo chakavu, au maganda makavu ya maharagi, unene wa sentimeta 10 baada ya kukandamiza. Sufuria ikiwa ya baridi iweke katikati, jaza pembeni ukikandamiza, kisha itoe polepole: shimo linabaki na umbo lake. Funika shimo hilo kwa kitambaa kimoja kizito ili majani yasiingie katika chakula. Shona mto wa kufunika juu, nao uwe mnene vile vile, maana joto linapenda kupanda. Watu wengi wanatengeneza chini vizuri na juu wanaweka khanga moja, kisha wanasema kitunga hakifai.

Vitu vya ndani vikilowa havizuii joto tena. Vianike juani kila juma, na utazame kama panya hawajahamia humo. Usitumie plastiki mahali inapogusa sufuria ya moto.

Kwa maharagi yaliyolowekwa, sisi tunafanya hivi. Tunayachemsha kwa nguvu dakika 30 huku kifuniko kikiwa juu. Tunaangalia kwamba maji yanayafunika kwa vidole viwili, lakini si zaidi, kwa sababu katika kitunga maji hayakauki. Tunafuta masizi chini ya sufuria haraka, tunaifungia, na hatuigusi kwa saa 4. Baadaye tunairudisha motoni ichemke tena, tunatia chumvi, kitunguu na mafuta, na chakula kiko tayari. Yakibaki magumu kidogo, yachemshe dakika 10 na uyarudishe. Ukiwa Butembo au Lubero, ongeza dakika za mwanzo.

Dakika zile za mwanzo zisipunguzwe ovyo. Maharagi, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayoleta kutapika na kuhara. Inakufa kwa mchemko wa kweli wa dakika 10 kwa uchache, lakini haifi kwa uvuguvugu. Mwaka wa kwanza sisi wenyewe tuliyachemsha kidogo tu, kisha tukafungua kitunga mara tatu kuchungulia. Jioni yalikuwa magumu kama changarawe. Kwa bahati hakuna aliyeyala, watoto walilala na uji.

Mchele ni rahisi zaidi: chemsha dakika 5, fungia saa moja. Viazi na ndizi, dakika 10 za mchemko na saa moja au mbili za kitunga. Nyama ikatwe vipande vidogo na ichemke vizuri kwanza. Sombe ina sheria yake. Majani ya mhogo yana sumu inayotoka kwa kutwanga na kwa mvuke, kwa hiyo itwangwe vizuri na ichemke kwanza bila kifuniko, kisha ndipo iingie kitungani pamoja na mawese na karanga. Chakula chochote kisikae humo kuanzia jioni mpaka asubuhi. Kikipoa na kuwa vuguvugu, vijidudu vinazaliana ndani yake, na harufu haikuambii mapema.

Kitunga kinataka sufuria iliyojaa. Nusu sufuria inapoa upesi. Kwa mama aliye peke yake na mtoto mmoja, kupika sufuria moja pamoja na jirani kuna faida kuliko kila mmoja kuwasha mbabula yake.

Kuna faida nyingine ambayo hatukuitazamia. Mama anaondoka saa mbili asubuhi kwenda sokoni au kwenye ibada na chakula kinabaki kikiiva, bila mtoto wa miaka saba kuachwa kulinda moto. Katika parokia zetu tumezika na kuuguza watoto walioungua kwa sufuria iliyoanguka, na kila mchungaji anaweza kukusimulia.

Mbabula yenyewe

Mbabula ya bati tupu inapasha joto miguu ya watu na upepo wa uani. Ile yenye bakuli la udongo uliochomwa ndani inashika joto na kulielekeza juu. Kenya walianza kuitengeneza kwa wingi miaka ya 1980, na leo mafundi wa miji yetu wanaijua. Inaweza kuokoa theluthi moja ya makala, hata zaidi kidogo kwa mpishi mwangalifu. Unapoinunua, tazama bakuli lisiwe na ufa. Gonga kwa ukucha: udongo uliochomwa vizuri unalia, usiochomwa unanyamaza. Tazama pia kwamba mlango wa hewa unafungika. Mbabula isiyo na mlango ni kama gari lisilo na breki.

Asiye na pesa ya mpya anaweza kukandika ile ya zamani. Changanya udongo wa mfinyanzi na majani makavu yaliyokatwa vidogo, au na majivu, ponda mpaka ushikamane, pakaza ndani unene wa vidole viwili, na uache matundu ya chini wazi. Ukauke kivulini kwa juma moja au zaidi kabla ya moto wa kwanza, na moto huo uwe mdogo. Utapasuka mara kwa mara na utaukandika tena, haudumu kama ule wa fundi.

Ukiisha kupika, usimwage maji juu ya makala. Maji yanayavunja na unapoteza siku ya kuyakausha. Yatie kwa koleo katika mkebe wa chuma wenye kifuniko kinachobana. Yakikosa hewa yanazima, na kesho yanawaka upesi kuliko mapya.

Sasa jambo la uzima. Katika eneo la Goma na Sake tunajua mazuku, hewa ile nzito inayokaa mabondeni na kuua mbuzi na hata watoto bila harufu. Mbabula inayowaka katika chumba kilichofungwa inatoa hewa nyingine, monoksidi ya kaboni, ambayo nayo haina harufu wala moshi. Makala mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayodanganya watu. Kichwa kinauma, usingizi unakuja, na familia haiamki. Usiku wa baridi wa Lubero au Masisi hauruhusu kosa hili, na vivyo hivyo hema la plastiki kambini. Mbabula ilale nje. Ukimkuta mtu amezimia chumbani penye mbabula, mtoe kwenye hewa safi kwanza, ndipo uite msaada.

Vumbi la gunia

Chini ya kila gunia kuna vumbi ambalo tunalitupa, ingawa tumelilipia. Likusanye, lichekeche, ondoa mawe. Kwa makopo 10 ya vumbi, pika uji mzito wa kopo moja la unga wa mhogo, changanya ukiwa na moto bado, finyanga madonge ya ukubwa wa yai au ngumi ya mtoto, kisha yaanike juani siku tatu mpaka tano. Wengine wanatumia udongo wa mfinyanzi badala ya uji, kopo moja kwa makopo manne au matano ya vumbi. Ule hauli unga wa watu, ila unaacha majivu mengi. Donge lililokauka ukiliangusha toka magotini halivunjiki.

Madonge haya yanawaka polepole na kwa kukawia. Washa kwanza makala ya kawaida, kisha weka madonge juu. Kwa chai ya haraka hayafai, kwa maharagi yanafaa sana.

Maji ya kunywa

Nyumba nyingi zinachemsha maji robo saa au zaidi, kama tulivyofundishwa zamani. Makala mengi yanakwisha hapo. Ukweli ni kwamba maji yakifikia mchemko wa kweli, mapovu makubwa yakiviringika, dakika 1 inatosha kuua vijidudu vya kipindupindu, vya homa ya matumbo na vinginevyo. Juu ya meta 2,000 subiri dakika 3. Kisha yaache yapoe yakiwa yamefunikwa. Mama mmoja wa kikundi chetu alituambia kwamba habari hii peke yake ilimpunguzia gharama kuliko mbabula mpya.

Wala si lazima kuchemsha. Maji ya ziwa au ya mto yenye tope yaache yatulie katika ndoo, kisha yachuje kwa kitenge cha zamani kilicho safi, kilichokunjwa mara nne. Baada ya hapo unaweza kutumia javeli. Soma nguvu yake kwenye chupa. Ikiwa ni asilimia 5, tia matone 2 kwa lita, ndiyo matone 40 kwa bidoni ya lita 20, karibu mililita 2 kwa sindano safi isiyo na mwiba. Maji yakibaki na ukungu, tia mara mbili. Koroga, subiri dakika 30. Yawe na harufu ndogo ya klorini, na kama haipo kabisa, rudia kipimo na usubiri tena. Javeli yenye manukato isiingie katika maji ya kunywa, wala ile ya chupa isiyoandikwa nguvu yake, na ile iliyokaa juani sokoni imeshapoteza nguvu. Vidonge vya klorini vinavyogawiwa ni vizuri, lakini soma karatasi yake: vingine ni vya lita 1, vingine ni vya lita 20, na tumeona watu wakivichanganya.

Jua nalo linasafisha maji. Chukua chupa za plastiki zinazoonyesha, zisizo na mikwaruzo, zisizozidi lita 2. Jaza maji maangavu na uzilaze juu ya bati. Kwa jua kali, saa 6 zinatosha. Mawingu yakifunika zaidi ya nusu ya mbingu, ziache siku mbili. Siku za mvua mfululizo njia hii haifanyi kazi.

Kipindupindu si hadithi kwetu. Mwaka 1994, Goma, kiliua maelfu ya watu katika majuma machache, na kandokando ya maziwa yetu kinarudi mara kwa mara.

Maji ya mvua yanahesabika kirahisi: milimita 1 ya mvua juu ya meta 1 ya mraba ya bati ni lita 1. Nyumba ya meta 6 kwa 5, ikipata mvua ya milimita 10, inapokea lita 300. Ukitoa yanayomwagika, unabaki na bidoni kama 12. Kata bati au mwanzi upate mfereji, uinamishe kidogo, na uache mvua ya dakika za kwanza ioshe paa kabla ya kukinga. Hapa tunaweka onyo kwa makanisa ya Rusayo, Kingi na Sake, na popote moshi wa Nyiragongo na Nyamulagira unapoelekea. Mvua inayopita katika moshi ule inabeba uchachu na floraidi, na floraidi ikizidi inaharibu meno ya watoto na mifupa. Kuchemsha hakuiondoi, javeli pia haiiondoi. Maji hayo yatumike kwa kufua na kuosha nyumba, na ya kunywa yatafutwe kwingine.

Yaliyosafishwa yakae katika bidoni yenye mdomo mwembamba na kifuniko chake. Ndoo wazi yenye kikombe kinachochotewa na mikono yote ya nyumba inachafuka kabla ya jioni. Kila juma tia changarawe safi na sabuni kidogo ndani ya bidoni, tikisa mpaka utelezi wa kijani utoke pembeni, suuza mara mbili, uikaushe ikiwa imeinamishwa. Kazi hii watoto wanaipenda, ila mtu mzima atazame ndani kwa tochi kabla ya kujaza tena.